Sataranji na Wasomaji: Askari Wawili wa Spassky

BARUA YA KWANZA

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja hapa Tanga, na jioni nafundisha sataranji watoto kumi na wanne chini ya mwembe, kwa mbao nne. Mwezi uliopita tulikwenda kwenye mashindano ya shule. Binti mmoja wa kidato cha tatu alicheza na kete nyeusi, mwenzake akafungua kwa Gambiti ya Malkia, naye akajibu kwa mfumo wa Tartakower niliomfundisha mwenyewe, mwendo baada ya mwendo, hadi wa 13 bila kukosea. Kisha mweupe akacheza kitu ambacho hakikuwamo kwenye daftari. Binti akababaika. Baadaye akamsukuma askari wa d5 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari) hadi d4, askofu mweupe akaja kukaa c4, na tangu hapo hakupumua. Alinyoosha mikono mwendo wa 34. Mtu mzima mmoja aliyekuwa akitazama akamwambia aachane kabisa na ufunguzi huo, kwamba Mmarekani Bobby Fischer aliuzika mwaka 1972 kwenye mchezo wa sita wa kugombea taji la dunia dhidi ya bingwa Msovyeti, Boris Spassky. Sasa binti hataki hata kuusikia. Je, ni kweli umezikwa? Na kama ni kweli, nimfundishe nini badala yake?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na salamu kwa watoto wote kumi na wanne.

Si kweli. Huyo bwana mchezo aliutaja sawasawa, na tarehe ningemsaidia mimi: Jumapili, 23 Julai 1972, ukumbi wa Laugardalshöll, Reykjavik, kule Aisilandi. Ila ufunguzi haukufa siku ile. Waliokufa ni askari wawili, wa c5 na wa d5, kwa jinsi walivyotunzwa, na binti yako ameshindwa kwa jambo lilelile. Ndiyo maana barua yako imenigusa kuliko zote za mwezi huu. Tafadhali panga kete, mwite naye akae upande wa nyeusi, tuutazame mchezo wenyewe.

Fischer alikuwa mweupe. Kabla ya kete ya kwanza kusogea, hali ilikuwa hivi: alipoteza mchezo wa kwanza, wa pili hakutokea ukumbini akahesabiwa ameshindwa, akashinda wa tatu, wa nne sare, wa tano akashinda. Mbili na nusu kwa mbili na nusu. Kila aliyemjua alijua ataanza kwa e4. Alikuwa ameanza hivyo karibu maisha yake yote, na aliwahi kuandika kwamba ndio mwendo bora, umethibitika kwa majaribio. Siku ile akamshika askari wa c akampeleka c4.

Spassky akajibu e6. Farasi f3, askari d5. Askari d4, farasi f6. Farasi c3, askofu e7. Askofu g5, na mfalme mweusi akaenda kujificha pembeni nyuma ya ngome yake. Askari e3, askari h6. Askofu akarudi h4, na hapo, mwendo wa 7, Spassky akacheza b6. Askari huyo wa b6 ndiye sahihi ya Tartakower. Savielly Tartakower alizaliwa Rostov, Urusi, akaishi na kufia Paris, na mfumo wake umekuwepo tangu miaka ya 1920. Warusi huongeza majina mawili baada ya lake: Makogonov na Bondarevsky. Hilo la mwisho lisikupite, Mwalimu. Igor Bondarevsky alikuwa kocha wa Spassky kwa miaka mingi. Kwa hiyo Spassky hakuwa mgeni katika mfumo huu. Alikuwa nyumbani kwa mwalimu wake.

Kazi ya b6 mnaijua. Katika Gambiti ya Malkia askofu wa c8 hukaa kama mtu aliyefungiwa chumbani, na b6 inamfungulia mlango wa b7. Fischer akauziba mlango huo kwa kubadilishana. Mwendo wa 8 alikula d5, farasi mweusi akamla askari. Maaskofu wakalana kwenye e7, farasi wakalana kwenye d5, na mwishowe askari mweusi wa e6 ndiye aliyeingia d5. Sasa askofu akienda b7 atatazama mgongo wa askari wake mwenyewe. Spassky aliliona hilo, akampeleka e6. Mpaka hapa kila kitu ni kizuri, na nyeusi hana la kujutia.

Mweupe akaleta malkia a4, mweusi akasukuma c5. Malkia akasogea mraba mmoja, a3, na ngome nyeusi ikaja c8. Mwambie binti aweke kidole kwenye a3 akiburute kwa mshazari: b4, c5, d6, e7. Askari wa c5 amesimama katikati ya malkia wawili. Akiondoka tu, malkia mweusi wa e7 anabaki wazi. Kisha, mwendo wa 14, askofu mweupe akaruka hadi b5.

Hapa ndipo daftari la binti lilipoishia, na nina hakika ndipo yanapoishia madaftari mengi. Mwendo huo haukuwa wa Fischer. Msovyeti Semyon Furman alikuwa ameucheza mwaka 1970 dhidi ya Yefim Geller, na Fischer alijifunza Kirusi cha kutosha kusoma machapisho ya sataranji ya Wasovyeti. Geller huyo, mkumbuke. Tutamrudia.

Spassky akajibu a6. Ni mwendo ambao mkono unaufanya wenyewe: askofu kaja mlangoni, mfukuze. Lakini askofu hakuondoka. Fischer alikula c5, askari wa b akarudisha, naye akamficha mfalme wake kwa utulivu huku askofu bado yuko b5, mdomoni mwa askari wa a6. Kwa nini haliwi? Kwa sababu askari wa a6 akila, safu ya a inafunguka na malkia wa a3 anaibeba ngome ya a8. Ikabidi Spassky atumie mwendo mwingine, ngome a7, ndipo askofu akarudi e2 kana kwamba hakuna kilichotokea. Sasa mhesabie binti yaliyobaki: ngome iko a7 isiyo na kazi, askari wa a6 amekuwa mtu mwingine wa kulindwa, na c5 bado amefungwa. Yote hayo kwa kumfukuza askofu mmoja ambaye hata hakukimbia.

Farasi mweusi akaenda d7. Farasi mweupe akaingia d4, na angalieni, askari wa c5 hawezi kumla, kwa kamba ileile ya a3 na e7. Malkia mweusi akakimbilia f8. Farasi akamla askofu wa e6, askari wa f akarudisha. Kisha Fischer akasukuma e4.

Huu ndio mwendo wa 20, na ninaomba binti auangalie dakika kumi bila kugusa kete.

Mweusi ana askari watatu wameshikana: c5, d5, e6. Mweupe anauliza swali moja tu, anamwuliza d5: unakaa, unakula, au unakwenda? Spassky angeweza kuleta farasi f6. Angeweza pia kusukuma c4, kumnyima askofu mraba ule. Alichagua d4.

Nimeshafundisha watu wengi, Mwalimu, na sijaona mwendo unaovutia mkono kama huu. Askari anapita mbele, hana adui wa kumzuia katika safu yake wala za jirani, anaonekana kama mtu anayekwenda kuwa malkia. Mimi mwenyewe nimemsukuma hivyo mara nyingi, na mara moja nilipoteza safari nzima ya Dar es Salaam kwa ajili yake. Askari wawili wanaosimama bega kwa bega, c5 na d5, wanalinda miraba minne mbele yao: b4, c4, d4 na e4. Hakuna kete ya adui inayoweza kutulia kwenye miraba hiyo. Hiyo ndiyo nguvu yao yote, kusimama sambamba. Akitoka mmoja, mraba wa mbele wa yule aliyebaki unakuwa kiti cha adui. Ukisukuma d4, umemwachia c4. Ukisukuma c4, umemwachia d4. Hivyo kusukuma kuna wakati wake, na wakati wenyewe ni pale ambapo adui hana kete ya kukalia kiti hicho, au kusukuma kwako kunafungua njia ya shambulio ambalo hatawahi kulizuia. Tarehe 23 Julai mweupe alikuwa na askofu e2, akisubiri. Miendo mitatu baadaye alikuwa c4, akimtazama mfalme mweusi kupitia e6.

Yaliyofuata nayapita upesi kwa sababu yanajieleza: f4, e5, malkia kutoka a3 mpaka h3, f5, ngome mbili zikapangana kwenye safu ya f. Askari wa d4 aliyekwenda kuwa malkia hakusogea tena hata mraba mmoja mpaka mchezo ulipokwisha.

Lakini kuna sehemu moja sitaki muipite upesi, miendo ya 32 hadi 36.

Mchezo huu niliunakili kwa mkono mwaka 1979, kutoka kitabu cha mfanyakazi mwenzangu wa stesheni, kwenye kaunta buku ambayo ninayo hadi leo. Kurasa zake zimekuwa na rangi ya chai. Jioni moja nilikuwa nikiurudia barazani kwangu, Tabora. Jirani yangu mmoja, marehemu sasa, alikuwa fundi wa bao ambaye watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali. Sataranji hakuijua. Mpaka anafariki hakujua farasi anatembeaje. Alikuwa amekaa tu ananisindikiza kwa kahawa. Nikafika mwendo wa 32: malkia mweusi e8. Mweupe akasogeza askari a4. Malkia mweusi d8. Mweupe akapandisha ngome ya nyuma mraba mmoja, f2. Malkia e8. Mweupe akapandisha ngome ileile mraba mwingine, f3. Malkia d8. Askofu mweupe akaenda d3. Malkia e8.

Mzee akaweka kikombe chini. Akaninyooshea vidole vitano. "Huyu mama," akasema, "mara tano anaingia chumbani anatoka. Kumbe anatakata. Hana mtaji."

Wasomaji wasiocheza bao, nawafafanulia: kutakata ni kutembeza kete bila kula, kwa sababu huna pa kula, mtaji ni mwendo wa kula. Mtu asiyejua jina la kete hata moja alikuwa ameona kiini cha mchezo mzima. Nimesoma uchambuzi mwingi wa mabingwa juu ya mchezo huu, na sijapata sentensi iliyo fupi na sahihi kama ile. Bingwa wa dunia amekaa mbele ya ubao, kete zake nzito zote zipo, malkia, ngome mbili, farasi, na hana mtaji. Na tazameni anachofanya Fischer wakati huo. Hana haraka. Anasogeza askari wa a4, jambo dogo kabisa upande wa mbali. Anapandisha ngome mraba mmoja, kisha mraba mwingine. Anamwonesha mwenzake kwamba muda anao wa kupanga kila kete mahali pake, kwa kuwa aliyefungwa haendi popote.

Ndipo mwendo wa 37 akaleta malkia e4. Tishio ni zuri mno kuliacha: ngome f8 cheki, farasi anakula, ngome ya pili inakula cheki, malkia anakula, na malkia mweupe anashuka h7, mati (mfalme hana pa kukimbilia), askofu wa d3 akimlinda kwa nyuma. Spassky akaziba kwa farasi f6. Fischer akamla farasi kwa ngome, askari wa g akaila ngome, ngome ya pili ikala tena f6. Mfalme akaenda g8, askofu akarudi kwenye kiti chake cha c4, mfalme akarudi h8, malkia akaja f4. Mwendo wa 41. Spassky akakubali.

Sasa Geller. Yefim Geller alikuwa Reykjavik katika timu ya Spassky, mmoja wa wasaidizi wake. Mwaka uliofuata, 1973, kule Hilversum, Uholanzi, alikaa na kete nyeusi mbele ya Jan Timman, na vijana hawa wawili wa mbao, c5 na d5, wakatokea tena, mwendo kwa mwendo kama ule wa Fischer. Timman akacheza askofu b5. Geller hakugusa askari wa a. Alisogeza malkia kutoka e7 kwenda b7.

Angalieni huo mwendo umefanya nini. Malkia ametoka kwenye kamba ya a3, kwa hiyo c5 hajafungwa tena, na askari wa b6 akiondoka tu atamtazama askofu wa b5 uso kwa uso. Timman akala c5, askari wa b akarudisha, ngome nyeupe ikamla askari wa c5, ngome nyeusi ikaila ngome, malkia mweupe akala. Askari mmoja amekwenda bure. Hapo mwanafunzi anaanza kulia, lakini Geller alicheza farasi a6, askofu akamla, malkia mweusi akamla askofu na kukaa a6. Kutoka a6 anatazama mshazari mpaka f1, na mfalme mweupe ambaye bado yuko e1 hawezi tena kwenda kujificha. Mfalme akakimbilia d2 kwa miguu. Na hapo, mwendo wa 21, Geller akasukuma d4. Askari yuleyule, mraba uleule ambao ulimuua Spassky! Safari hii hakuna askofu mweupe wa kukalia c4, maana ameshaliwa a6, na mfalme mweupe yuko katikati ya barabara. Timman alishindwa kabla ya mwendo wa 35.

Kwa hiyo mwambie binti kwamba kusukuma d4 si kosa kwa asili yake. Alikisukuma kisichoiva. Na ufunguzi wenyewe, baada ya 1972, uliendelea kuchezwa na wakubwa kuliko wote: Karpov na Kasparov walikutana mara nyingi kwenye mfumo huuhuu walipogombea taji mwaka 1984 na 1985, tena kila mmoja kwa upande wake. Watu wale hawakuwa na desturi ya kukaa ndani ya kaburi.

Usimbadilishie ufunguzi. Mfungie daftari. Panga kete kama zilivyokuwa baada ya mwendo wa 13, mweke yeye upande wa nyeupe kwanza, na watoto wengine wacheze nyeusi, mmoja baada ya mwingine. Waambie wanaocheza nyeusi kwamba askari wa c5 na d5 ni wao kuwatoa, kuwasukuma au kuwaacha, lakini kabla ya kugusa mmoja wao wataje kwa sauti mraba gani wanamwachia adui na kete gani itaukalia. Fanyeni hivyo wiki mbili. Kisha mrudishe binti kwenye nyeusi. Aliyekaa upande wa kushambulia askari hao mara ishirini anajua wanaumia wapi, na atawalinda bila kukariri. Nitafurahi sana ukiniandikia ilivyokuwa.

BARUA YA PILI

Shikamoo mzee. Nina miaka 17, niko Nakuru. Kwa nini unasema Gambiti ya Malkia wakati hakuna anayetoa kitu? Mimi mwenzangu akiweka c4 namla, kisha namlinda askari wangu kwa b5, na hapa mtaani hakuna aliyewahi kumrudisha. Pia sielewi watu wanaosema mchezo fulani ni Gambiti ya Malkia wakati mweupe hakuanza na d4.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Neno gambiti linatokana na Kiitaliano, gambetto, maana yake kupiga mtama. Padri wa Kihispania Ruy López ndiye aliyelileta kwenye sataranji katika kitabu chake cha mwaka 1561. Kwa hiyo ukiwekewa askari wa c4, ujue umenyooshewa mguu. Ukimla, unaweza kuendelea vizuri tu, wapo mabingwa wanaokula. Ukimla na kumng'ang'ania, umejikwaa.

Wenzako wa mtaani waoneshe hivi, kabla hajakuonesha mtu wa mbali. Mweupe d4, wewe d5. Mweupe c4, umekula. Mweupe e3, wewe b5. Sasa mweupe anacheza a4. Ukilinda kwa a6, anakula b5, unarudisha kwa askari wa a, na ngome yake ya a1 inaila ngome yako ya a8, maana nyuma yake hakuna kitu. Ukilinda kwa c6, anakula b5, unarudisha kwa askari wa c, na malkia wake anaruka f3. Tazama mshazari: e4, d5, c6, b7, mpaka ngome yako ya a8. Njiani hakuna kete. Utatoa farasi au utatoa ngome, chagua. Yote hayo kwa askari mmoja ambaye hata hivyo angekuja kuliwa na askofu wa f1.

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza. Jina la ufunguzi linatokana na sura ya ubao, hata kama kete zilifika kwa mpangilio mwingine. Katika mchezo niliomweleza Mwalimu wa Tanga hapo juu, Fischer alianza c4 na d4 ikaja mwendo wa tatu tu, na wote wawili wakajikuta ndani ya Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa. Ni kama kwenda Nairobi kupitia Naivasha au kupitia njia nyingine yoyote, ukifika umefika. Faida ya kuzunguka ni kwamba mwenzako hajui unaelekea wapi mpaka mmeshakaribia, na kule Reykjavik ilikuwa faida kubwa, kwa sababu ya mazoea ya Fischer ya e4.

BARUA YA TATU

Mzee shikamoo, natumaini hujambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Muscat. Mwanangu wa miaka tisa anapenda sataranji kuliko chakula, lakini akishindwa analia na kutawanya kete. Baba yake humwambia kwamba Spassky alimpigia makofi mtu aliyemshinda. Ni kweli, au ni hadithi ya kumtuliza mtoto?

JIBU

Marahaba, bibie, sijambo, na baba yake amesema kweli. Ni mchezo huohuo wa sita ambao ukurasa huu umeujadili leo. Fischer aliposhinda, ukumbi mzima ulipiga makofi, na Spassky, bingwa wa dunia ambaye ndio kwanza amepitwa kwa pointi, alipiga makofi pamoja nao, kwa mpinzani wake, mbele ya watu. Mimi nauheshimu mwendo huo kuliko yote arobaini na mmoja iliyoutangulia. Alikuwa ameona kitu kizuri kimefanyika, kwenye ubao wake, juu ya mgongo wake, akakiri kwamba ni kizuri.

Kulia usimkataze. Miaka tisa ni midogo. Kutawanya kete ndiko umkataze, kwa upole lakini bila kuacha, kwa sababu kete zikitawanyika mchezo umepotea na hakuna wa kuutazama tena. Akishanyamaza, mwombe akuoneshe mwendo mmoja tu wa mwenzake ambao yeye hakuutarajia. Mmoja, basi. Akikuonesha, mpikie anachokipenda.

Na akikua kidogo msimulie yaliyobaki. Spassky alipoteza taji lile, 12½ kwa 8½, na mchezo wa mwisho, tarehe 1 Septemba, alikubali kushindwa kwa simu. Miaka 20 baadaye, 1992, wakacheza tena wao wawili. Mwaka 2004 Fischer alikuwa kizuizini Japani, Marekani ikimtaka kwa ajili ya mashindano hayo ya 1992, maana yalifanyika Yugoslavia iliyokuwa chini ya vikwazo. Spassky akamwandikia barua Rais wa Marekani, George W. Bush, kumwombea rafiki yake huruma. Akaongeza kwamba ikiwa haiwezekani, basi na yeye akamatwe, maana alikuwa upande wa pili wa ubao uleule. Wawekwe katika chumba kimoja, na wapewe sataranji.